Hiyo Ndege ya Majini ni Mathree ya Mtu

Kuna aina ya video ya safari imejaa kwa simu zetu siku hizi. Msee wa ndevu na koti nzito anaendesha gari kwa barabara ya changarawe huko Alaska. Kesho yake yuko kwa meli katikati ya milima ya barafu. Kesho kutwa anapanda kandege kadogo kanakoruka kutoka ziwani. Muziki wa taratibu, halafu maandishi: "Mwisho wa dunia. Hakuna mtu."

Mimi nazipenda hizo video, siwezi kudanganya. Lakini hayo maneno "hakuna mtu" yananikera. Kama hakuna mtu, hiyo meli inabeba nani?

Tuanze na meli basi. Inaitwa Alaska Marine Highway, yaani barabara kuu ya baharini, na hilo jina halikuwekwa kwa mbwembwe. Serikali ya jimbo imeendesha hizo feri tangu 1963, kutoka Bellingham, huko chini karibu na mpaka wa Kanada, mpaka visiwa vya Aleutian. Zinafika miji zaidi ya 30. Juneau, mji mkuu wa jimbo lenyewe, huwezi kuufikia kwa gari. Hakuna barabara inayoingia. Ni feri au ndege, hata kama wewe ni gavana. Timu za shule za upili hupanda feri kwenda kucheza basketiboli mji mwingine. Familia inavuka na gari, inafanya shopingi ya wiki kadhaa, inarudi nayo imejaa mpaka dirishani. Mtalii naye amepiga hema kwenye sitaha, amelifunga kwa tepu lisipeperushwe na upepo, anajirekodi akisema ametorokea porini. Jirani yake anaenda kung'olewa jino.

Ndege nayo? Lake Hood, pale Anchorage, ndio kituo chenye shughuli nyingi zaidi duniani cha ndege za kutua majini. Asilimia zaidi ya 80 ya miji na vijiji vya Alaska haijaunganishwa na mtandao wa barabara. Chukua Angoon, mji mdogo wa Watlingit kwenye kisiwa cha Admiralty. Hauna uwanja wa ndege wa nchi kavu. Ndege inatua kwa maji. Rubani anakuuliza uzito wako bila aibu kwa sababu lazima apige hesabu, kisha anapakia barua, dawa, mboga na wewe. Ukungu ukishuka, safari imekufa na unangoja. Ukiondoa mandhari, hiyo ni mathree. Inakosa makanga tu.

Sasa barabara, na hapa ndipo mambo yananoga. Ile ya changarawe mnayoiona kwa video ni Dalton Highway, kilomita 666, iliyojengwa 1974. Kutoka Coldfoot mpaka Deadhorse, karibu kilomita 385, hakuna petroli. Ilijengwa kwa sababu kule kaskazini kulipatikana mafuta mwaka 1968 na bomba lilihitaji kupitishwa. Mwananchi wa kawaida aliruhusiwa kuendesha mpaka mwisho wake mwaka 1994, miaka 20 baadaye. Barabara ilifuata mafuta. Feri ndiyo ilifuata watu. Na pesa zilipopungua, nadhani unajua ni gani ilikatwa. Mwaka 2019 bajeti ya feri ilipunguzwa vibaya, na mji kama Cordova ukakaa miezi bila kuona feri.

Hata ile basi maarufu, namba 142, ambayo Chris McCandless alifia mwaka 1992 akiwa na miaka 24, ilipelekwa pale na wajenzi wa barabara miaka ya 60 ili walale ndani. Alama kubwa kabisa ya "pori tupu" ni kambi ya vibarua iliyoachwa. Vijana waliendelea kuitafuta kwa miguu, wawili wakafa kwa kuvuka mto, mpaka 2020 helikopta ikaja kuing'oa. Pori likiwa tupu kichwani mwako, husikii mwenyeji akikwambia mto umejaa.

Najua kuna mtu atasema: Alaska watu ni wachache, kuwafikia ni hasara. Kweli, ni wachache. Sensa ya 2020 ilipata kama watu 733,000, kwa ardhi karibu mara tatu ya Kenya. Wajir peke yake, kwa sensa yetu ya 2019, ina zaidi ya hao. Na bado, pamoja na hizo feri za jimbo, serikali ya Marekani tangu 1978 inalipa mashirika ya ndege yaendelee kutua miji midogo isiyo na faida. Wanagombana kila mwaka kuhusu hizo pesa, lakini angalau wanagombana.

Sisi hapa tuliandika mapema. Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 ulisema pesa za maendeleo ziende mahali zitaleta faida kubwa zaidi. Kaskazini ikasubiri. Ndio maana mtu wa Moyale akisafiri kuja Nairobi alikuwa anasema "naenda Kenya", na hakuwa anatania. Lami ya Isiolo hadi Moyale imekamilika juzi tu, sisi tukiwa tayari shuleni.

Halafu sisi wenyewe tunapanda Marsabit na droni, tunapiga jangwa la Chalbi picha asubuhi, tunaandika "hakuna mtu". Nyuma ya kamera kuna mama amengoja lori tangu jana. Ukisema mahali ni patupu, umemsaidia mwenye bajeti. Patupu hapahitaji ambulensi. Patupu hapahitaji feri.

Sisemi msiende. Nendeni, hata Alaska kama visa itakubali. Panda feri, panda hiyo ndege ya majini, furahia. Lakini muulize jirani yako anaenda wapi, analipa ngapi, na wiki ambayo chombo hakiji huwa anafanya nini. Hiyo pia ni kontenti, na mimi naona ni kali kuliko machweo.

Wewe wa Lodwar, wa Mandera, wa Faza kule Lamu ambako mgonjwa hupelekwa kwa boti: usafiri wenu uko aje mwaka huu? Niambie. Nataka kujua kabla sijabeba droni.