Nyuki Hajui Mpaka

Wako watu wasemao: "Kila mtu na shamba lake. Huyu apande mahindi yaliyogeuzwa vinasaba, yule ya kawaida, na wa tatu alime kilimo hai. Wote wakae kwa amani." Maneno haya ni matamu, lakini twadhani wayasemao hawajapata kutundika mzinga katika miombo ya Sikonge.

Hatuikatai mbegu kwa ugeni wake. Mahindi yenyewe asili yake ni bara la Amerika, na miembe iliyo kando ya njia ya misafara, toka Bagamoyo hata Tabora na Ujiji, asili yake ni Bara Hindi. Wala ukame si hadithi: mahindi yaliyojaribiwa Makutupora, Dodoma, tangu 2016 hata Serikali ilipoamuru yasimamishwe mwaka 2018, yalikusudiwa kuustahimili. Neno letu ni jingine: nani atalipa?

Unga wa mbelewele huchukuliwa na upepo, na nyuki naye huufuata. Kanuni ya Ulaya ya kilimo hai yataka malisho ya nyuki, kwa kilometa 3 kuizunguka mizinga, yawe hasa pori au mimea ya kilimo hai. Huko Bavaria, katika Ujerumani, mfuga nyuki Karl Heinz Bablok aliukuta unga wa mahindi ya namna hii katika mazao ya mizinga yake. Septemba 2011 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba asali yenye unga ule haiwezi kuuzwa pasipo idhini. Ni kweli, mwaka 2014 sheria ilibadilishwa, unga ukahesabiwa kuwa sehemu ya asali yenyewe. Lakini aliyehangaika mahakamani ni mwenye nyuki. Mrina asali wetu atampata wapi wakili? (Na mwenye tumbaku apigaye dawa jirani na mizinga, ni nani amemwuliza?)

Kanuni zetu za mwaka 2009 zilimtwika aletaye mbegu hizo malipo ya hasara, hata kosa lake lisipothibitishwa. Mwaka 2015 zikalegezwa kwa ajili ya majaribio, kwa kuwa, walisema, ukali huwafukuza wataalamu. Ajabu! Asemaye mbegu yake haina madhara, mbona aogopa kuidhamini? Basi nafasi ya mpakani na iachwe katika shamba la mwenye mbegu mpya, na dhamana iwekwe kabla gunia la kwanza halijafika Urambo.