Barua ya wazi kwa Waziri: Mnipime kwenye nyasi, si kwenye nyanya

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mafunzo ya ufundi,

Nakuandikia kutoka Dongobesh, wilaya ya Mbulu, na nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizopeleka ofisini kwa mkono hazikujibiwa.

Kazi yangu ni kutunza uwanja wa gofu. Mbulu hakuna uwanja wa gofu, Hanang pia hakuna. Kazi hiyo nimeifanya mbali na nyumbani, kwenye uwanja ambao sitautaja. Niliingia nikiwa kijana wa kufyeka, nikaishia kuongoza watu wote wa nyasi: zamu za kukata, maji, mbolea, dawa ya ukungu, kunoa visu vya mashine. Mheshimiwa, grini, yaani nyasi inayozunguka shimo, haikatwi kama majani ya mbele ya ofisi ya mkuu wa wilaya. Inakatwa kwa urefu wa milimita 3 au 4, karibu kila siku, na ukikosea kipimo wakati wa kiangazi unaiunguza, kisha unahangaika wiki kadhaa kuirudisha. Inatobolewa ili mizizi ipate hewa, inamwagiwa mchanga laini na kusawazishwa. Haya yote nayajua. Kwenye karatasi za mwajiri niliandikwa kibarua.

Nafasi ya msimamizi mkuu ilipotangazwa, sharti lilikuwa cheti cha taaluma. Serikali ina utaratibu wa kumpima na kumpa cheti mtu aliyejifunzia ufundi kazini. Fundi magari anapimwa, mwashi anapimwa, na seremala, na mpishi. Ni utaratibu mzuri na niliuamini. Nikaenda kwenye chuo kimoja, nikalipa ada, nikapeleka picha na barua za kazi. Nikaambiwa fani yangu haimo kwenye orodha, ila wangenisaidia kwa kunipima kwenye kilimo cha bustani. Siku ya mtihani nikaulizwa nafasi kati ya mche na mche wa nyanya. Nikaulizwa kitalu cha kabichi. Kuhusu nyasi sikuulizwa neno. Nilifaulu, maana mimi ni mtoto wa wakulima. Wairaqw wa Kainam walikuwa wakiushikilia udongo wa miteremko kwa matuta na samadi kabla chuo chochote hakijajengwa huku. Nikapewa cheti cha mboga.

Mwajiri alikisoma, akanirudishia. Nafasi akapewa mgeni kutoka nje, mwenye cheti cha nyasi. Sina ugomvi naye; alikuwa mwungwana na kazi aliijua. Lakini mabomba yanapopita chini ya ardhi nilimwonyesha mimi. Grini ipi hutangulia kushikwa na ukungu masika nilimwambia mimi. Yeye akawa msimamizi, mimi nikabaki kibarua.

Kibarua, Mheshimiwa, halipwi siku mvua inapofunga uwanja. Akiugua halipwi. Hakuna mchango wake unaopelekwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Nilifanya kazi ya msimamizi kwa malipo ya kibarua, na nilipoondoka nikaondoka kama kibarua, bila kiinua mgongo, kwa sababu ya karatasi ambayo nilikuwa tayari kuitolea jasho na fedha. Mwanangu aliacha shule. Benki ilikataa kunikopesha. Mwenzangu wa Katesh alitaka kwenda Muscat kwenye kazi hiihii. Wakala akamdai cheti, mwenzangu akarudi nyumbani.

Wenzetu wa Marekani walianza kuwathibitisha wasimamizi wa viwanja vya gofu mwaka 1971, kupitia chama chao kilichoanzishwa mwaka 1926. Mwombaji anafanya mtihani wa maandishi, halafu wenzake waliokwisha kuthibitishwa wanafika kwenye uwanja wake, wanatembea juu ya nyasi yake na kuikagua. Wanapima kazi yenyewe. Cheti kinahuishwa kila baada ya miaka 5. Na huko Los Angeles, kwenye uwanja wa Riviera wanakocheza mabingwa wa dunia, njia za kuchezea zimefunikwa na kikuyu, nyasi ya asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, ileile ambayo mbuzi wetu wanaila kando ya barabara. Anayeijua nyasi hiyo hapa nyumbani hana pa kupimwa.

Si gofu pekee. Septemba 2023 tulipewa uenyeji wa AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda, na Arusha imewekewa uwanja mpya kwa ajili hiyo. Nyasi ya mpira inataka ujuzi huuhuu. Nani ataitunza, na kwa mkataba gani? Au naye ataandikwa kibarua? Wala si nyasi pekee. Hanang wapo wazee waliojifunza kufungua kombaini kwenye mashamba ya ngano ya Basotu, enzi za shirika la umma la NAFCO na wataalamu wa Kanada. Mashamba yale yalichukua malisho ya Wabarbaig, na hilo ni dai jingine lisilokwisha. Lakini ufundi walioupata wazee hao ni wa kweli, na mpaka leo wapo wanaolipwa kwa siku kwa kukosa karatasi. Mnamdai kila mtu cheti, kisha mnaacha fani nzima bila mtihani. Huo ni uonevu.

Ninaomba utunzaji wa viwanja vya nyasi uingizwe kwenye orodha ya fani zinazopimwa. Kaeni na Chama cha Gofu Tanzania, kaeni na wanaotunza uwanja wa gofu wa Lugalo, kaeni na watu wa viwanja vya mpira. Mtihani waandike wao. Na waliopimwa kwa fani isiyo yao wapimwe upya bila kulipa tena.

Mimi niko tayari. Nileteeni mtahini anayeijua nyasi, anipime kutwa nzima kwenye uwanja wowote mtakaouchagua. Nikishindwa, nitanyamaza. Nikifaulu, mniandikie cheti cha kazi ninayoijua.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mtunza uwanja, Dongobesh