Usichomeke Kila Kijiti: Majibu kwa Yanayosemwa Kuhusu Maua ya Uani

Mvua za vuli zikishashika, Septemba ikiisha na Oktoba ikiingia, watu wa Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, huanza kuombana vijiti vya maua. Mwenye fensi inayopendeza hana raha wiki hizo: huyu kaja na panga, yule katuma mtoto. Kijiti hutolewa bure, na ushauri juu yake. Kijiti sina ugomvi nacho, ila ushauri mwingi ni wa kusikia tu, na anayeanza bustani ndiye anayelipa. Kwa maoni yangu mgeni wa kazi hii asitafute ua linaloota upesi. Atafute linalovumilia ukavu wa Juni hadi Agosti na linalotii panga likikatwa.

Ushauri unaonikera zaidi ni huu: “Panda lantana, hiyo haifi.”

Kweli haifi, na hapo ndipo balaa lilipo. Lantana ilitoka nchi za joto za Amerika, ikaenezwa duniani kama pambo la bustani kwa sababu ya vishada vyake vya njano, chungwa na waridi. Ndege hula vitunda vyake vilivyoiva vikawa vyeusi, kisha huziacha mbegu popote wanapotua: kwenye malisho, kwenye shamba lililopumzishwa, kando ya barabara. Ukiifyeka inachipua, ukiichoma moto inachipua tena. Ng'ombe akiila sana huharibika ini, na ngozi yake hubabuka juani. Hatari huwa kubwa kiangazi, nyasi zinapokwisha na mnyama akawa hachagui tena. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limeiweka katika orodha yake ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani.

Biharamulo wana sababu ya ziada ya kuikataa. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iliundwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi, na ndege aliyekula vitunda kwenye fensi yako hajui mpaka wa hifadhi uko wapi. Tena wilaya hii inawajua mbung'o tangu enzi za mababu, na kivuli kizito cha vichaka vya lantana ni maficho wanayoyapenda. Kama unayo tayari, usiishie kuikata. Ng'oa na mizizi mvua zikiwa zimelainisha udongo, kabla vitunda havijawa vyeusi.

Alizeti pori nayo inashutumiwa hivyo hivyo, na kwa haki, maana inasambaa. Ila kwake mimi nina huruma kidogo: majani yake mabichi yakikatwa na kufukiwa shambani ni mbolea nzuri ya mahindi na maharage. Ikae pembezoni mwa shamba, ikatwe kabla ya kukomaza mbegu. Mbele ya nyumba haina kazi.

Wengine husema, “Kinachokubali Bukoba kinakubali Kagera yote.” Bukoba, iliyo kando ya ziwa, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Biharamulo hupata kama nusu ya hizo, tena ina miezi mitatu mikavu kweli kweli. Ngara ni vilima na baridi ya asubuhi. Waridi hupenda hewa hiyo, lakini waridi lina madoa meusi ya majani, lina wadudu, linadai kupogolewa kwa mpango, kwa hiyo mwaka wa kwanza liache kwa jirani. Mwenyeji wa Nyakanazi au Lusahunga, kwenye joto na vumbi la malori yaendayo mipakani, Rusumo na Kabanga, anahitaji ua lenye roho ngumu zaidi, na hapo bugenvilia haina mpinzani.

Lakini bugenvilia imezushiwa jambo. “Haichanui kwa sababu hujaipa maji na samadi ya kutosha.” Mara nyingi ni kinyume. Ikinyweshwa kila jioni na kulishwa samadi inarefusha matawi, inajaza majani ya kijani, rangi huioni. Ikishashika mizizi, iache ione kiu kidogo, iwe juani kutwa, na ukate matawi marefu ikimaliza kuchanua. Ile zambarau au nyekundu unayoisifia si maua. Ni majani yaliyobadilika rangi, na ua lenyewe ni kile kidogo cheupe kilicho katikati. Mzaliwa huyu wa Amerika Kusini alikusanywa na wanasayansi wa Kifaransa karibu na Rio de Janeiro mwaka 1767, kwenye msafara wa nahodha Bougainville, ndiyo maana anabeba jina lake.

Kuichomeka nako kunahitaji subira. Chagua tawi lililokomaa likawa la kahawia, nene kama penseli au zaidi, lisiwe chipukizi la kijani. Kata kama sentimita 25, mshazari chini ya kifundo, ng'oa majani yote, zika nusu yake ili vifundo viwili viwe ndani ya udongo, kisha weka kivulini. Baada ya wiki chache majani yatatoka, na hapo ndipo wanaoanza huiua: wanafurahi, wanavuta kidogo waone kama imeshika. Majani hayo yanakula akiba iliyo ndani ya kijiti, mizizi inaweza kuwa bado haijatoka. Ipe miezi miwili bila kuigusa.

“Kiangazi hakuna ua linalochanua bila kumwagiwa maji.” Anayesema hivi hajautazama mti ambao ng'ambo ya mpaka, Rwanda na Burundi, wanauita umuravumba, na ambao wazee wengi wanaufahamu kama mti wa dawa tu. Una shina laini linalovunjika kwa mkono, majani yenye vinyweleo yanayonata kidogo na kunukia ukiyafikicha. Huangusha majani kiangazi kikiingia, ukadhani umekufa, kisha matawi hayo matupu yanajaa vishada vya maua meupe yenye wekundu wa mbali, laini kama moshi, wakati uwanja mzima umekauka. Kijiti chake kiache siku moja kidonda kikauke, ndipo ukichomeke. Hufika mita mbili hadi tatu, na ukiukata hadi magotini unarudi. Kama ningeruhusiwa kumpa anayeanza mmea mmoja tu, ningempa huu, na inanishangaza kwamba vitaluni huuoni, labda kwa kuwa kitu cha bure hakina mnunuzi.

“Maua yanaleta nyoka.” Nyoka hufuata panya, vyura na mahali pa kujificha. Kichaka kilichoachwa kigubike ardhi, chini yake matofali na magunia ya zamani, kitampata nyoka hata kisipochanua kamwe. Ondoa matawi ya chini ili uone ardhi, usipande dirishani, fagia. Basi.

“Kama kinauzwa kitaluni, hakina madhara.” Hili ni hatari kuliko la nyoka. Oleanda, na jamaa yake yenye maua ya njano kama kengele, zina sumu inayopiga moyo, kuanzia jani hadi mbegu. Matarumbeta yale makubwa yanayoning'inia, yanayonukia usiku, yanavuruga akili na yanaweza kuua. Utomvu wa mnyaa, fensi ya bei nafuu kuliko zote, ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Penye watoto wadogo au mbuzi wanaozurura, panda haibiskasi. Maua yake hayadumu sana, lakini kesho yake yanatoka mengine.

Na wapo wanaosema, “Maua hayaliwi.” Hao wakumbushwe kwamba kahawa ni kichaka cha maua. Baada ya kiangazi, siku chache tangu mvua ya kwanza, mibuni hugeuka myeupe na harufu yake hufika barabarani. Mwenye mizinga naye anajua kwamba nyuki lazima wale miezi ambayo pori halina kitu. Bugenvilia haiwafai sana, ila umuravumba unawafaa, na hata mubirizi, ule mchungu wenye maua meupe madogo, huwajaza nyuki.

Vuli hii, basi, kabla hujapokea kijiti, uliza kitakuwaje baada ya miaka mitatu, na nani atakikata. Ukiikuta lantana kitaluni usiinunue, na umweleze muuzaji sababu, maana huenda naye aliambiwa tu kwamba haifi.