Tenga ngitili yako nyasi zikiwa bado zipo

Mvua za kwanza zimeanza kugusa ardhi ya Bariadi, na kuanzia Maswa na Itilima hadi Meatu na Busega watu wanatengeneza plau na kutafuta mbegu. Wiki hizi za Novemba mahudhurio kanisani hupungua. Viti vya nyuma ndivyo huanza kubaki wazi, kisha vya kwaya, na mchungaji akiuliza hujibiwa neno moja tu: shamba. Pamba ikishapandwa itafuata palizi, kisha kupulizia dawa, na mizani ikifunguliwa Mei watu wale wale watarudi wakiwa na fedha kidogo mfukoni na kadi za michango mkononi.

Mpendwa msomaji, leo tutafakari habari ya kujiwekea mipaka majira yanapobadilika. Najua neno hili haliwapendezi wengi wetu. Linasikika kama neno la mtu anayefunga geti ndugu wakifika. Lakini Wasukuma walilifahamu jambo lenyewe zamani sana, na wakalipa jina: ngitili.

Kwa msomaji asiyeijua, ngitili ni eneo la malisho ambalo familia au kijiji hulitenga mvua zinapoanza. Kipindi chote cha masika ng'ombe hawaingii humo, ingawa nyasi zimejaa na zinatamanisha. Wanachungwa kwingine. Kiangazi kinapokolea na nyasi za nje kuisha, ndipo linafunguliwa kidogo kidogo, ili ndama na maksai wa plau wasife kabla ya mvua nyingine.

Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga hadi Simiyu ilipoanzishwa mwaka 2012, na wazee wa huko wanakumbuka ilivyokuwa. Misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, na katika miaka ya 1970 watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa, ngitili nyingi zilibaki mbali na wenyewe. Zikaliwa hadi udongo. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Wakati huo ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimefufuliwa. Na kinachonigusa ni hiki: sehemu kubwa haikupandwa miti. Ilifungwa tu, ikaachwa ipumzike, na visiki vilivyokuwa hai chini ya ardhi vikachipua vyenyewe.

Nimekuwa nikiiwaza ngitili tangu Januari, kwa sababu ya aibu iliyonipata.

Msimu uliopita wa pamba nilikuwa mjumbe wa kamati mbili za harusi, mhazini wa ujenzi wa nyumba ya mtumishi, na mdhamini wa mkopo wa binamu yangu. Yote niliyakubali nikiwa nimesimama nje ya kanisa baada ya ibada, mtu amenishika mkono na wengine wanatazama. Mwezi Juni wote sikuwahi kula chakula cha jioni nyumbani. Januari mwanangu alipopata nafasi ya kidato cha kwanza, hapakuwa na fedha ya godoro wala ya sare. Mke wangu hakupiga kelele. Alifungua daftari lake akanisomea nilichotoa msimu ule, jina kwa jina, kisha akaniuliza, "Baba, sisi tuko ukurasa gani?" Mtoto aliripoti shuleni wiki tatu baada ya wenzake.

Sijutii kutoa. Ninachojutia ni kwamba niliamua mambo hayo Juni, mkono wangu ukiwa umeshikwa. Hakuna mfugaji anayetenga ngitili Agosti huku ng'ombe wakilia. Hutengwa sasa, nyasi zikiwa nyingi, wakati hakuna anayeona haja yake.

Katika Kutoka 34:21 Mungu anawaagiza Israeli wafanye kazi siku sita na siku ya saba wapumzike. Hapo tungetegemea amri iishie, lakini anaongeza kwamba hata majira ya kulima na majira ya kuvuna wapumzike. Ametaja nyakati mbili ambazo mkulima ana sababu nzuri kuliko zote za kutopumzika. Aliyeiumba mvua anajua kwamba ikinyesha Jumamosi usiku, Jumapili asubuhi macho yetu yatakuwa kwenye plau.

Tazama pia Marko 1. Jioni mji mzima umekusanyika mlangoni, na Bwana Yesu anaponya wengi. Kabla ya mapambazuko anaondoka peke yake kwenda kuomba. Simoni anamtafuta, anamwambia kwamba watu wote wanamtafuta. Kwa hesabu zetu angerudi mara moja. Anajibu kwamba waende vijiji vingine, kwa maana hilo ndilo alilojia. Naamini walikuwepo watu mlangoni asubuhi ile waliofika na wagonjwa wao wasimkute. Sina maelezo ya kuwafariji. Naona tu kwamba Mwana wa Mungu, akiwa katika mwili, hakuwa kila mahali alipohitajiwa, na hakuomba radhi.

Ngitili ina siri nyingine: iliyomo kichwani mwa mwenyewe tu huliwa na ng'ombe wa jirani, tena bila ubaya. Ndiyo maana jamii ya Wasukuma ilikuwa na dagashida, mkutano wa kupanga taratibu, ili kila mtu ajue ardhi ipi imefungwa. Basi ndugu zako wajue mapema kiasi ulichotenga kwa michango mwaka huu, na kamati ijue siku ambazo hupatikani. Mwenzi wako ajue kabla ya wote.

Kuna upande wa pili, na nausema kwa sababu wapo watakaoifurahia mno makala hii. Ngitili hufunguliwa. Tajiri wa Luka 12 alipanga kujenga ghala kubwa zaidi na kuifariji nafsi yake, na hakuna kiangazi cha mtu mwingine kilichomfanya aifungue. Jirani akifiwa, mgonjwa akikosa nauli ya hospitali, hicho ni kiangazi, na nyasi zilitunzwa kwa siku hiyo. Mtu anayetaja mipaka yake mbele ya msiba hana ngitili, ana boma.

Na sisi viongozi wa kanisa tujiangalie. Mama wa Simiyu wakati wa palizi anaamka saa kumi alfajiri, anachota maji, anapalilia hadi jua likali, anarudi kupika. Sisi tunampangia semina Jumatano, mkesha Ijumaa, na zamu ya kufagia kanisa Jumamosi, kisha tunahubiri juu ya uvuguvugu wa imani akisinzia. Kwa nini kalenda ya usharika ifanane Februari na Agosti, ilhali maisha ya washarika hayafanani? Semina zinaweza kusubiri Agosti, pamba ikiwa imeuzwa na watu wana nafasi. Jambo hili nitalileta katika baraza la wazee, na najua wapo watakaoona nimepoa kiroho.

Majilio yanakaribia na mwaka mpya wa kanisa unaanza. Nyumbani kwetu mbegu tayari ziko ndani, na ardhi ikilowa vizuri tutaingia shambani. Kabla ya hapo, jioni hii, mimi na mke wangu tutaketi na daftari lile lile. Nimemwomba ukurasa wa kwanza aandike yeye.