Fomu ya Nguo ya Harusi Iulizie Nguo, Isimuulizie Mwanamke



Siku hizi oda nyingi za nguo za harusi hapa visiwani zinapita kwenye simu. Bibi harusi yuko Pemba, fundi yuko Mjini Unguja, na shangazi anayelipia kitambaa yuko Muscat. Kila mmoja akituma ujumbe wake wa sauti WhatsApp, vipimo vinapotea katikati ya salamu. Ndiyo maana wengi wetu tunaoshona tumehamia kwenye fomu za kujaza kwa simu. Ni jambo jema, ila tuna neno juu ya namna fomu hizo zinavyopangwa.

Fomu nyingi zinamwaga maswali yote kwa mpigo. Anayetaka buibui la kawaida anaulizwa urefu wa shela. Mama wa bibi harusi anaulizwa siku ya kupakwa hina. Binti ambaye hajawahi kuolewa anaulizwa kama ananyonyesha, eti fundi ajue aweke zipu mbele. Hilo la mwisho linamvunjia mtu heshima, maana pengine fomu anajaziwa na kaka yake mwenye simu nzuri.

Rai yetu ni kuwa swali lifunguke pale tu jibu lililotangulia linapolihitaji, na lihusu nguo. Badala ya kuuliza "Unanyonyesha?", uliza "Zipu uitake mbele, nyuma au ubavuni?" Fundi anapata anachokihitaji, na mteja anabaki na siri yake.

Wala hili halitaki utaalamu mkubwa. Kwenye Google Forms, ambayo haina malipo, unaigawa fomu katika sehemu, kisha swali la kuchagua jibu moja unaliwekea maelekezo: akichagua hili aende sehemu hii, akichagua lile aende ile. Swali la kwanza liwe "Nguo ni ya nani?" Akijibu bibi harusi, anapelekwa kwenye gauni na shela. Akijibu mama au ndugu, anapelekwa kwenye nguo ya mgeni. Angalia tu kwamba maelekezo haya hayafanyi kazi kwenye swali la kuweka tiki nyingi. Kwenye vipimo, andika wazi kuwa ni inchi, na uweke kikomo cha namba, ili mtu asikuletee kiuno cha 76 kwa kuwa kapima kwa sentimita.

Wenye uwezo wa kutengenezewa tovuti yao wanapata zaidi, na hapo ndipo pa kuwa makini na anayekutengenezea. Kisanduku ambacho hakijahitajika kinaweza kuonekana kimefifia, kisiguswe mpaka mteja achague. Tunakipenda, kwa sababu mteja anaona kuwa shela ipo akiitaka. Lakini pembeni yake paandikwe sababu: "Kitafunguka ukichagua gauni lenye shela." Bila ya maneno hayo dada atabonyeza, atabonyeza tena, atasema simu imeharibika, na ataondoka.

Kuna tofauti nyengine inayogusa mkasi moja kwa moja. Kisanduku kilichozimwa kabisa hakitumwi pamoja na majibu. Kilichofichwa tu machoni kinatumwa na kilichomo. Tuseme bibi harusi kachagua shela, kaandika mita 3, kisha kabadili mawazo akachagua mtandio. Kama kisanduku cha shela kimefichwa bila kuzimwa, zile mita 3 zitamfikia fundi, naye atakata. Kitambaa kikishakatwa hakirudi dukani, na siku ya ndoa haingoji. Basi mwambie anayekutengenezea: jibu likibadilika, kilichofungwa kisitumwe.

Tuje kwenye vichupo, zile kurasa ndogo zinazokaa juu ya fomu kama masikio ya daftari: vipimo, kitambaa, malipo, tarehe. Wengine wanaviweka kwenye fomu ya mteja kwa sababu vinapendeza. Sisi tunaona vichupo ni vya fundi, anayerudi kwenye oda ile mara kumi na anajua anachokitafuta. Mteja anajaza mara moja, na anataka kushikwa mkono hatua kwa hatua. Ukimpa vichupo vinne, ataruka kimoja. Kama ndani ya alichokiruka kuna jibu la lazima, fomu inaweza kugoma kutumwa bila ya kumwambia kosa liko wapi, kwa kuwa kisanduku chenyewe hakionekani. Ukivitumia lazima, kile chenye pengo kiwekewe alama.

Wapo wenzetu wanaosema kuficha maswali ni kumficha mteja huduma, na kwamba akiona yote ndipo atanunua zaidi. Hoja yao ina uzito, lakini dawa yake ni orodha ya huduma na bei mwanzoni kabisa mwa fomu. Aone kila kitu kinachouzwa, kisha aulizwe kile alichochagua tu.

La mwisho ndilo kubwa kwetu. Kifua, kiuno na nyonga za mwanamke ni amana. Wapo wanaoweka oda zote kwenye jedwali moja la Google, wakaficha kichupo cha vipimo, kisha wakampa kiungo kijana wa kupeleka mizigo. Kuficha kichupo si kukifunga. Mwenye ruhusa ya kuhariri jedwali anaweza kukifichua kwa kubonyeza mara chache, na mwenye ruhusa ya kutoa nakala anaweza kukifichua kwenye nakala yake. Vipimo vikae kwenye faili lake peke yake, wapewe anayepima na anayekata. Kijana wa mizigo anahitaji jina, namba ya simu na mtaa. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi linalojulikana na zisizidi mahitaji. Sisi tuliofundishwa stara tangu chuoni hatukupaswa kungoja sheria.

Nanyi mabibi harusi msione haya. Kabla hujajaza fomu ya fundi yeyote, muulize nani ataviona vipimo vyako na vitafutwa lini. Swali lisilohusu nguo yako, liache wazi. Likiwa la lazima, mpigie fundi umuulize analitakia nini. Fundi muaminifu atakujibu bila kununa, na wa namna hiyo ndiye wa kukabidhiwa nguo ya siku yako.

Wabillahi tawfiq.