Programu ya Kutabiri Kifo? Kwanza Nionyesheni Data ya Nakuru

Wiki hii nilikuwa nimepanga kuandika kuhusu kuhamisha hifadhidata kutoka seva moja hadi nyingine, lakini kuna jambo limenikera mpaka hiyo makala nimeiweka kando. Vijana wawili, wajuzi kwelikweli wa Python, walikuja hapa Lanet kunionyesha programu yao. Unaingiza umri wa mgonjwa, mpigo wa moyo, kiwango cha oksijeni na picha ya eksirei ya kifua, kisha kompyuta inakwambia mgonjwa huyu wa nimonia ya virusi ana uwezekano gani wa kufa. Slaidi ya kwanza ilikuwa na herufi kubwa: USAHIHI ASILIMIA 95. Wanataka kuiuza kwa hospitali za kaunti.

Mimi napinga. Tena napinga nikiwa mwandishi wa programu, si mganga wala mwanasiasa.

Tuanze na hiyo 95. Tuseme wodi ina wagonjwa 100 na watano kati yao wanafariki. Mimi naweza kuandika programu ya mstari mmoja, bila eksirei wala kitu chochote, inayomwambia kila mgonjwa "utapona". Usahihi wake? Asilimia 95! Na haijamwona hata mmoja kati ya wale watano, ambao ndio tuliokuwa tunawatafuta. Kwa hiyo ukiona mtu anatangaza usahihi mtupu kwenye jambo la kifo, muulize: kati ya waliofariki, uliwatambua wangapi, na ulimtisha nani bure?

Msinielewe vibaya, kutabiri si uchawi. Madaktari wamefanya hivyo miaka mingi kwa karatasi na kalamu. Kuna kanuni inaitwa CURB-65, ilichapishwa mwaka 2003 kutokana na wagonjwa wa Uingereza, New Zealand na Uholanzi. Inaangalia mambo matano tu: kuchanganyikiwa, yurea kwenye damu, kupumua mara 30 au zaidi kwa dakika, shinikizo la damu kushuka, na umri wa miaka 65 kwenda juu. Kila moja alama moja, unajumlisha, basi. Korona ilipokuja, Waingereza wakatengeneza nyingine inaitwa 4C, wakaichapisha 2020. Waliijenga kwa wagonjwa 35,463 wa hospitali 260, halafu wakaijaribu kwa wengine 22,361 ambao hawakutumika kuijenga. Na pamoja na data yote hiyo, ukiipa wagonjwa wawili, mmoja aliyefariki na mmoja aliyepona, inampa aliyefariki alama kubwa zaidi mara 77 hivi kati ya 100. Hiyo ndiyo kazi nzuri, iliyofanywa kwa uangalifu. Sasa linganisha na vijana wangu waliopakua picha za eksirei kutoka intaneti.

Tena hili la picha lina historia yake. Mwaka 2021 jarida la Nature Machine Intelligence lilitoa uchunguzi wa kazi za namna hii, za kompyuta kusoma eksirei na picha za CT za wagonjwa wa korona. Walianza na makala 2,212, wakazichuja kwa ubora mpaka zikabaki 62. Zilizofaa kutumika hospitalini zilikuwa ngapi? Hakuna. Sifuri! Kundi jingine lililoandika kwenye BMJ lilipitia modeli 232 za kutabiri korona na kuona kwamba karibu zote zina kasoro kubwa. Na kuna ile ya Wuhan ya 2020, iliyotumia vipimo vitatu tu vya damu na kudai usahihi wa zaidi ya asilimia 90. Wenzao wa Uholanzi, Ufaransa na New York waliijaribu kwa wagonjwa wao na haikufua dafu.

Sasa ndugu zangu, kama modeli ya Wuhan imekwama New York, kwa nini modeli ya intaneti ifanye kazi Nakuru?

Kufa kwa nimonia hakutegemei mapafu peke yake. Kunategemea uko wapi. Utafiti wa ACCCOS, uliotoka kwenye Lancet mwaka 2021, ulifuatilia wagonjwa 3,140 wa korona walio mahututi katika hospitali 64 za nchi kumi za Afrika, Kenya ikiwemo. Asilimia 48.2 walifariki ndani ya siku 30. Wastani wa dunia waliolinganisha nao ulikuwa asilimia 31.5. Virusi ni vilevile! Kilichobadilika ni vitanda, mashine, wauguzi na oksijeni. Korona ilipoingia hapa Machi 2020, Kenya nzima ilikuwa na vitanda 537 vya wagonjwa mahututi na mashine 256 za kupumulia. Gawanya kwa kaunti 47 uone. Modeli iliyofunzwa mahali ambapo kila mgonjwa anapata oksijeni haijui kabisa kwamba mtungi unaweza kuisha saa nane usiku. Hiyo safu haimo kwenye jedwali lake.

Halafu kuna ile klipu ya kubana kidoleni ya kupima oksijeni. Programu ya vijana hawa inaiamini kama msahafu. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha namba za klipu hizo na vipimo vya damu ya mshipa wenyewe. Klipu iliposema 92 hadi 96, yaani mambo si mabaya, asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa Weusi vilionyesha oksijeni halisi iko chini ya 88. Kwa Wazungu ilikuwa asilimia 3.6. Kifaa chenyewe kinatudanganya sisi mara tatu zaidi! Nikawauliza vijana: mmelirekebishaje hilo? Wakatazamana.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni kisa cha pumu. Miaka ya tisini huko Marekani walifunza kompyuta kutabiri vifo vya nimonia, na mojawapo ya modeli ikajifunza kwamba mgonjwa mwenye pumu ana hatari NDOGO ya kufa. Upuuzi, sivyo? Lakini data haikukosea. Wagonjwa wa pumu walikuwa wanakimbizwa moja kwa moja kwa wagonjwa mahututi na kushughulikiwa haraka, ndiyo maana walipona. Rich Caruana na wenzake walikieleza kisa hiki kwenye makala yao ya 2015. Modeli kama hiyo ingewarudisha wenye pumu nyumbani wakafie huko. Sasa igeuze upande wa pili, uilete kwetu ambako kitanda ni kimoja na wagonjwa ni wanne. Kompyuta inasema mzee huyu atakufa tu. Kitanda anapewa mwingine. Mzee anafariki. Mwezi ukiisha, programu inajihesabia alama: nilisema!

Na si kwamba hatuna pa kuanzia. Utafiti wa PERCH wa 2019, ambao Kilifi ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, ulionyesha kwamba virusi ndivyo vinavyosababisha zaidi ya nusu ya nimonia kali kwa watoto wadogo. Mwaka 2018 watafiti waliangalia rekodi za watoto wenye nimonia kutoka hospitali 14 za hapa Kenya. Dalili zilizoambatana na vifo zilikuwa kama weupe wa kukosa damu na uzito mdogo mno kwa umri. Kiganja cha mtoto na mizani! Hazihitaji seva, hazihitaji eksirei. Dalili hizo zilionekana kwa sababu makarani na wauguzi wa hospitali hizo waliandika faili vizuri, mwaka baada ya mwaka. Hiyo ndiyo programu ambayo kaunti ingelipia: ya kumrahisishia nesi kurekodi uzito, idadi ya pumzi, na iwapo oksijeni ilikuwepo au la.

Hapa Lanet tunajua teknolojia inayofanya kazi inafananaje. Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja alisifiwa dunia nzima mwaka 2012 kwa kupambana na wezi kwa Twitter, na wananchi wengi walipokea ujumbe wake kama SMS kwenye simu za kawaida. Alianza na tatizo, si na slaidi.

Nimewaandikia vijana wale. Nimewaomba wachukue kwanza rekodi za wodi moja ya Nakuru, kwa idhini na kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo kifungu chake cha 35 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa mambo mazito na mashine peke yake. Waendeshe programu yao kimyakimya miezi sita bila daktari kuona majibu yake, kisha watoe hadharani namba zote, pamoja na wale iliowakosa. Nimejitolea kuwaandikia msimbo wa kuhesabu matokeo, bure. Mpaka naandika haya hawajanijibu, ila slaidi bado inasema 95.