Msimsingizie Mola Mafuriko

Kila masika yakipita na kuacha matanga Dar es Salaam, washairi wetu huwa wepesi wa kalamu. Vina hupangwa, mizani hutimia, na beti karibu zote huishia pale pale: ni kudra, hapana wa kuizuia, tuwaombee marehemu. Sina ugomvi na dua. Aliyekufa maji anastahiki kuombewa, na imani ya mtu haichezewi. Ugomvi wangu ni na ule ubeti wa mwisho, unaofunga shauri kabla halijasikilizwa. Nasema wazi, na anayeudhika aniudhikie: mengi ya mashairi hayo yamegeuka pazia, na nyuma ya pazia wamekaa wenye makosa, wametulia, wanangoja mvua ianuke.

Tuyatazame mambo yalivyo. Desemba 2011 ilinyesha Dar es Salaam mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mfano wake haukuonekana tangu 1954. Mto Msimbazi, unaoshuka kutoka vilima vya Pugu na kuingia baharini penye daraja la Salenda, ulifurika Jangwani na Kigogo. Watu wasiopungua 40 walikufa mjini. Serikali ikawahamishia walionusurika Mabwepande, pembezoni mwa Kinondoni, ikawapa viwanja na mahema. Palikuwa pakavu, na hilo ni la kushukuriwa. Lakini palikuwa mbali na kila kazi iliyowaleta mjini. Mama aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga Magomeni, kule porini amuuzie nani? Wako waliorudi bondeni, na hapo ndipo neno “mabondeni” lilipokolea kuwa tusi. Wakaitwa wabishi, wakaitwa wavamizi, wakaambiwa wamejitakia.

Wamejitakia! Sensa ya 2002 iliikuta Dar es Salaam na watu wasiofika milioni 2 na nusu. Sensa ya 2022 iliikuta na watu 5,383,728. Katika miaka 20 mji umezidi mara mbili, na viwanja vilivyopimwa havikuongezeka kwa kasi hiyo hata kidogo. Anayepanga chumba Tandale au Mtoni hakufuata mandhari. Amefuata kodi anayoimudu na kibarua anachoweza kukifikia kwa miguu. Tena, kama kujenga Jangwani ni ubishi, mbona karakana ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza safari 2016, ilijengwa Jangwani hapo hapo? Nayo ikafurika, mara baada ya mara, mabasi yakasimama na Barabara ya Morogoro ikafungwa. Sikusikia mtu akiiita karakana ile mvamizi. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Sasa tuje baharini, maana sisi watu wa pwani tuna la kusema hapa kuliko wengine. Kila mvuvi anajua bamvua na maji mafu. Mvua kubwa ikinyesha wakati wa bamvua, mto unashuka na bahari inapanda, vinakutana mlangoni, na maji ya mto yakikosa pa kutokea yanarudi majumbani. Ndivyo inavyokuwa Msimbazi. Ndivyo inavyokuwa upande wa Temeke, ambako mito ya Kizinga na Mzinga huingia katika hori la Mtoni. Hayo ya zamani. Jipya ni kwamba bahari yenyewe imeinuka. Tangu 1901 hadi 2018 usawa wa bahari duniani umepanda kwa sentimita 20 hivi, karibu shibiri moja, na kati ya 2006 na 2018 ulikuwa ukipanda milimita 3.7 kila mwaka. Mwenye ghorofa kilimani ataicheka shibiri. Aliyejenga bondeni, mahali ambapo kizingiti kimepita maji ya bamvua kwa vidole vitatu tu, hana la kucheka.

Bahari inapanda kwa sababu dunia imetiwa joto na moshi wa makaa, mafuta na gesi. Zaidi ya sehemu 9 katika 10 za joto lililozidi zimemezwa na bahari, na maji yakipata moto hutanuka. Juu ya hapo yanayeyuka mabarafu ya Greenland, ya Antaktika na ya milima mingi. Kilimanjaro yetu, ambayo juu yake tuliweka mwenge wa Uhuru usiku wa Desemba 1961, ilipoteza kiasi cha sehemu 80 katika 100 za eneo la barafu yake kati ya 1912 na 2000. Si maji ya Kilimanjaro yanayoila Kunduchi; ni machache mno kwa kazi hiyo. Aidha wataalamu wanajadiliana ni kiasi gani cha barafu kimeliwa na joto na kiasi gani na uhaba wa theluji mpya. Lakini 2022 UNESCO ilionya kwamba ifikapo 2050 barafu hiyo itakuwa imetoweka, na mtoto atakayeisoma katika mashairi yetu atadhani tulikuwa tukitunga ngano.

Najua watakaonijibu. Watasema vimbunga vilikuwapo tangu jadi: 1872 kimbunga kiliing’oa mikarafuu ya Unguja, na 1952 kingine kikaipiga Lindi. Kweli kabisa, na sitasema kila tone linalonyesha leo limetoka katika bomba la moshi la Ulaya. Ninachosema ni hiki: hewa ikizidi joto kwa nyuzi 1, huweza kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha sehemu 7 katika 100. Bahari yenye joto ni chakula cha dhoruba. Wingu la leo linakuja na mzigo mzito kuliko la babu zetu. Masika ya 2024, hadi kufikia Aprili 25, Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa nchini na zaidi ya 200,000 wameathirika. Hata wiki mbili hazikutimia, Mei 4 kimbunga Hidaya kikaifikia Mafia na pwani ya bara, na boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimama. Wala sisi wa visiwani tusijione tuko salama ng’ambo: waulizeni wanawake wa Paje na Jambiani mwani umewafia mara ngapi kwa maji kupata moto.

Hapa lakini pana mtego mwingine, na ndio unaonitia hofu zaidi. Neno “tabianchi” limeingia mjini, na wakubwa wamelipokea kwa furaha, kwa kuwa linafanya kazi ile ile ya kudra. Mtaro haukuzibuliwa: tabianchi. Mikoko imekatwa: tabianchi. Aliyetoa kibali cha kujenga juu ya mkondo wa maji naye anasema tabianchi, kisha anapanda gari lake. Kunduchi inatufundisha kinyume. Ufukwe ule ulianza kuliwa miongo mingi iliyopita, hata hoteli ya Africana ikamegwa na mawimbi na jina lake likabaki kwa kituo cha daladala. Wachunguzi wameeleza kwamba sehemu ya ubaya ule ilitoka bara: mchanga ulichimbwa katika vijito vya Tegeta na Mbezi ili mji ujengwe, na ufukwe ukakosa mchanga wa kujilisha. Bahari ilikuja kumalizia kazi tuliyoianza wenyewe.

Basi kesi hii ina washitakiwa wawili, na kila mmoja anajificha nyuma ya mwenzake. Wa kwanza ni mataifa yaliyotajirika kwa moshi. Afrika nzima hutoa chini ya sehemu 4 katika 100 za hewa chafu ya ukaa duniani. Mwaka 2009, huko Copenhagen, matajiri waliahidi dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020 ili maskini wajikinge na wapunguze moshi. Kwa hesabu zao wenyewe ahadi ilitimia 2022, na nyingi ya fedha hizo zilikuja kama mikopo. Mwaka huo huo wa 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 za kulirekebisha bonde la Msimbazi, nazo ni mkopo. Tazameni mambo ya dunia: mdaiwa anamkopesha mdai wake, kisha anamdai. Dawa ya deni ni kulipa, na kukopesha si kulipa.

Mshitakiwa wa pili yuko hapa hapa, katika ofisi za mji, na tunaujua mlango wake. Kosa la wa kwanza halimfutii wa pili. Hata dunia ingepoa kesho, mtaro uliojaa taka Kigogo ungefurika. Na hata mitaro yote ya Kigogo ingezibuliwa kesho, bahari ingeendelea kupanda. Anayetaka tuchague mshitakiwa mmoja tu ana wake anayemlinda.

Kwa nini nawaletea haya wapenzi wa ushairi, badala ya kuwapelekea wahandisi? Kwa sababu lugha hii ni amana yetu. Ni sisi wenye kusi na kaskazi, matlai na umande, vuli na mchoo. Watu waliozipa pepo na maji majina kwa sababu maisha yao yalitegemea kuzitofautisha. Mababu zetu hawakuridhika kusema “upepo” tu. Leo sisi tumeridhika kusema “maafa” tu, kana kwamba hayana mahali, tarehe wala mwenyewe.

Tungeni, basi. Waombeeni waliokufa, kwa beti nzuri kadiri mnavyoweza. Lakini taja mto kwa jina lake, taja mwaka, taja bamvua ilikuwa siku gani, taja mtaro haukuzibuliwa tangu lini na moshi ulitoka wapi. Mola hakuchimba mchanga wa Tegeta, wala hakusaini kibali cha mtu. Mwacheni na rehema zake, muulizeni aliyesaini.